Sauti ya Pili ya Agripina

Agripina aliimba kwaya pale Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, miaka ishirini na ushee, na hakuna wimbo hata mmoja aliokuwa anaujua.

Msicheke. Nyimbo alikuwa nazo kibao: za Majilio, za Kwaresima, za harusi, za kuwaaga wafu. Ungemwamsha usingizini angekuimbia beti zote bila kudondosha neno. Ila alizijua upande mmoja tu. Yeye alikuwa sauti ya pili, na kwa msioimba kwaya, sauti ya pili ni ile inayopita chini ya sauti ya kwanza na kuunenepesha wimbo. Ukiitoa peke yake inazungukazunguka kwenye nota tatu nne, inasubiri, inajibu, inasubiri tena. Mzee mmoja wa Kiswidi, ambaye Agripina alikuwa akienda nyumbani kwake kumwogesha na kumpikia, alimwomba siku moja amwimbie wimbo wa kwao. Akamwimbia. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema ni mzuri sana, lakini mbona kama unamsubiri mtu? Agripina akacheka, akaendelea kukunja shuka.

Mtu aliyekuwa anasubiriwa ni Vumilia.

Vumilia na Agripina wote kwao Mbinga, na walifika Stockholm mwaka mmoja, wasichana wa mafunzo ya uuguzi, wakiwa na makoti yasiyofaa kwa baridi ya huku. Vumilia akawa nesi wa hospitali, akahamia Vällingby, akamzaa Queen. Agripina akaenda kwenye kazi ya kuhudumia wazee majumbani, akapata nyumba Hjulsta. Jumapili ya misa ya Kiswahili kila mmoja alivuka jiji zima kwa treni ya chini ya ardhi kwenda Norsborg, na kwenye kwaya walisimama bega kwa bega. Vumilia akianza, Agripina anaingia. Ndivyo ilivyokuwa, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kufikiria kubadilisha.

Mwalimu wao wa kwaya, Deo, ndiye aliyewatungia wimbo wao mkubwa, ule wa siku ufunguo wa kanisa ulipopotea wakasimama nje kwenye theluji wakitetemeka meno:

Hodi, Bwana, hodi,
tumefika mlangoni,
nje baridi imezidi,
tufungulie tuingie.

Kwenye mstari ule wa mwisho Agripina alikuwa na ugonjwa wake. Kabla "tufungulie" haijafika, yeye alishapanda. Sauti nyingine zote ziko chini bado zinamalizia baridi, yeye yuko juu anangoja mlango. Deo alishaimba naye, akamwandikia, akamgongea meza. "Agripina, subiri! Una haraka ya kwenda wapi?" Akajirekebisha Jumapili moja, Jumapili ya pili akapanda tena mapema. Mwishowe Deo akachoka, akamwachia Mungu.

Sasa mwezi wa tisa Vumilia aliamka na mafua, sauti imekauka, na Deo kwa wema wake akasema leo Agripina aanzishe. Vumilia akaangua kicheko mbele ya kwaya nzima.

"Agri aanzishe? Agri huyu? Jamani! Huyu nisipoanza mimi hana pa kushika. Na hiyo sauti yake ya pili, niwaambie ukweli, mimi wala siisikiagi. Naimba zangu."

Watu wakacheka. Agripina naye akacheka, maana ungefanya nini? Lakini lilimwingia. Miaka yote ile bega kwa bega, kumbe alikuwa anamwimbia mtu asiyemsikia! Akawa hapokei simu ya Vumilia. Akiiona inaita anaigeuza kifudifudi mezani. Alikuwa anapanga kumnunia mpaka aombe msamaha mwenyewe, tena mbele ya kwaya.

Kabla hajaombwa msamaha, Vumilia akapata kiharusi.

Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Akili ilikuwa palepale. Ukimwambia jambo macho yanaelewa, yanakuuliza, yanakukaripia hata. Ila akifungua mdomo inatoka "ta". Anataka maji, "ta". Anamwita mwanawe, "ta, ta". Mwanamke aliyekuwa akizungumza wodi nzima inasikia! Kwa wiki chache alijaribu, kisha aibu ikamshinda, akaufunga mdomo kabisa. Mtaalamu wa usemi alikuja na picha zake za kikombe na kijiko, Vumilia akageukia ukutani. Wanakwaya walikuja kumwimbia, akajifunika blanketi usoni mpaka wakaondoka. Queen alimwekea rekodi za zamani kwenye simu, na Vumilia aliposikia sauti yake mwenyewe ya zamani alilia machozi mengi hata nesi akaja kuizima. Mtu pekee aliyemruhusu kukaa karibu, mkono wa kushoto wa mgonjwa umeng'ang'ania sketi yake, alikuwa Agripina. Habari ya kununiana ikafa hapohapo bila kuzungumzwa. Agripina aliilia bafuni kwake, akaosha uso, akaenda kazini.

Mtaalamu wa usemi alimwambia Queen kwamba wapo watu wanaopoteza usemi lakini wimbo ukabaki. Ukipatikana wimbo, maneno huweza kufuata pole pole. Lakini mgonjwa lazima atake mwenyewe. Kabla ya Krismasi kungekuwa na kikao. Kama Vumilia atakuwa bado anageukia ukuta, mazoezi yatasimama, na atatafutiwa nafasi kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, kule wanakokaa wa kulishwa na kugeuzwa.

Queen akampigia Agripina analia, nusu Kiswidi nusu Kiswahili. "Mama mdogo, mimi sauti sina, nikimwimbia ananihurumia tu. Njoo wewe."

Akaja. Akasimama kando ya kitanda, akafumba macho, akaimba Hodi Bwana kwa moyo wake wote, kwa mapenzi, kwa majuto, yote aliyokuwa nayo kifuani. Alipofumbua macho Vumilia alikuwa anamtazama kama mtu aliyegongewa mlango na mgeni aliyekosea nyumba.

"Huo wimbo gani?" Queen akauliza kwa Kiswidi.

"Wimbo gani! Si Hodi Bwana? Umeusikia tangu uko tumboni!"

Queen akatikisa kichwa taratibu, kwa adabu. "Hodi Bwana naujua, mama mdogo. Huo sio."

Agripina akataka kuurudia vizuri. Akafungua mdomo kutafuta sauti ya kwanza, ile ya Vumilia, aliyoisikia kwa sikio la kushoto miaka yote, na haikuwepo. Alipoigusa tu ikateleza, akajikuta yuko chini kwenye ya pili. Akajaribu wimbo mwingine. Ya pili. Mwingine. Ya pili. Ndipo alipojua jambo ambalo nimewaambia tangu mwanzo. Akaketi kwenye kiti cha wageni. Vumilia akageukia ukuta.

Kabla ya ugomvi wao, Vumilia alikuwa amewaandikisha wote wawili kwenye duara la masomo. Katika jiji hili watu watatu wakipenda kitu kimoja huanzisha duara: la kufuma, la uyoga, la makaburi ya zamani, ilimradi kuna kahawa na andazi la mdalasini. La kwao lilikuwa la muziki wa Ulaya wa Zama za Kati, na lilikutana Vällingby kwenye chumba juu ya maduka. Agripina hakuwa na hamu nalo hata kidogo. Lakini Jumanne ile alitoka hospitalini hajui apeleke wapi kichwa chake, na jina lake lilikuwa limeshaandikwa kule, basi akaenda.

Kiongozi wa duara alikuwa msichana wa Kiswidi, nywele fupi, jina lake Alma. "Niite Alma tu," alisema. Agripina akashindwa, akamwita mwalimu Alma, na mwalimu Alma akakubali yaishe.

Alma alianza na sauti moja. Mamia ya miaka, alisema, watawa wa Ulaya waliimba hivyo, wote wimbo mmoja, hakuna wa pili, hakuna ngoma ya kuhesabia mapigo. Tena hakuna karatasi ya kueleweka. Mtoto akiingia utawani anafundishwa kwa sikio nyimbo za mwaka mzima, na mpaka azimalize ndevu zimeshaota. Baadaye wakaanza kuchora alama ndogondogo juu ya maneno, hapa panda, hapa shuka, lakini alama zile zilimfaa mtu anayeujua wimbo tayari, asiyeujua hakuambulia kitu. Ndipo kama miaka elfu iliyopita mtawa mmoja wa Italia, aliyechoka na watoto wanaojifunza polepole, akaziweka nota juu ya mistari na kuzifundisha kwa majina: ut, ambayo leo tunaiita do, re, mi, fa...

Agripina akapiga paja. "Kumbe do re mi ni ya huyo! Mimi nilijua ni ya padre wetu wa Mbinga!"

Wazee wa duara wakacheka, na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa.

Kisha Alma akawagawa makundi mawili. Kundi moja likaimba wimbo wa kitawa, taratibu; kundi la pili likaimba wimbo uleule chini yake, hatua kwa hatua, wakipanda linapanda, wakishuka linashuka. Sauti hizo mbili zilikuwa ngumu kidogo sikioni, kavu, lakini Agripina nywele zilimsimama. Alma akasema hivi ndivyo sauti ya pili ilivyoanza kuandikwa kwenye vitabu vyao. Ilifuata kwanza. Baadaye ikapata ujasiri, ikaanza kushuka wenzake wanapopanda. Baadaye tena ikahamia juu, ikawa inarukaruka huko, na wimbo wenyewe ukabaki chini umeshikiliwa nota moja moja ndefu. Kisha wakaja wa kuandika hata mapigo, zikaongezwa sauti ya tatu na ya nne.

"Mwalimu Alma," Agripina akaita, mkono juu kama mwanafunzi. "Yule wa mwanzo kabisa, wa sauti ya pili. Wimbo wenyewe alikuwa anaujua?"

"Lazima aujue. Hakuandikiwa sauti yake pembeni. Alikuwa na wimbo kichwani, anamsikiliza mwenzake, anatengeneza ya kwake hapohapo."

Agripina akaweka andazi chini. Machozi yakaanza, na hayakuwa ya adabu, yalikuwa yale ya makamasi. Akawaeleza yote, Vumilia, kiharusi, wimbo usiotambulika, kikao cha Krismasi. Wazee wa Vällingby, watu wasiozoea mambo ya kulia mbele za watu, walitazama vikombe vyao kwa muda. Kisha bibi mmoja akamsogezea leso, na Alma akamwambia Jumanne ijayo aje na karatasi ya wimbo.

Rekodi za Queen hazikumfaa, Vumilia akianza tu yeye anaingia na ya pili. Lakini karatasi alikuwa nayo siku zote. Deo huandika nyimbo kwa herufi, d, r, m, f, sauti nne zimepangwa mstari chini ya mstari. Sauti ya kwanza ilikuwa juu ya yake palepale, na miaka yote ile macho yake yaliiruka. Sasa akajaribu kuisoma. Mstari wa kwanza alifika salama. Wa pili, katikati, akadondoka kwenye sauti yake. Akarudia, akadondoka. Duara zima likamshikia nota moja ndefu ya chini ili apate pa kusimama. Akasimama, akatembea kidogo, akadondoka. Mdomo ulikuwa na mazoea yake, haukutaka kusikia.

Alma akamwomba kiganja cha kushoto. Akachukua kalamu, akaandika nota kwenye viungo vya vidole: do kwenye shina la kidole cha shahada, re shina la kidole cha kati, na kuendelea hivyo, akizunguka mkono. Hivi, alisema, ndivyo walivyofundishana baada ya yule mtawa. Mwalimu anagusa kiungo, wanafunzi wanaimba.

"Usiimbe unachokumbuka," akamwambia. "Imba unachogusa."

Basi wiki zile Agripina alikuwa kichekesho. Kwenye treni ya Hjulsta amekaa, kidole cha kulia kinatembea juu ya kiganja cha kushoto, midomo inacheza, watu wanadhani anasali rozari. Jikoni kwa wazee wake akingoja uji uchemke, kidole kinatembea. Akampigia Deo amsikilize kwa simu.

"Sauti ya kwanza?" Deo akashangaa. "Wewe? Na hapo kwenye tufungulie utapanda mapema kama kawaida yako?"

"Mwalimu, we sikiliza tu."

Akaimba. Deo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni sawa, ni yenyewe. Agripina akakata simu, akarukaruka jikoni peke yake, mtu mzima na makalio yake.

Siku moja kabla ya kikao alikwenda hospitalini asubuhi. Queen alikuwa dirishani, amevaa sare ya kazini, macho mekundu. Alishakubali moyoni kwamba mama yake atahamishwa. Vumilia alikuwa ameelekea ukuta.

Agripina hakueleza kitu. Alizunguka kitanda, akavuta kiti katikati ya Vumilia na ukuta ule, akauchukua mkono wake wa kulia, ule uliolala, akaugeuza kiganja juu kwenye blanketi. Kalamu hakuhitaji tena. Akaweka kidole kwenye shina la kidole cha shahada, akaanza.

"Hodi, Bwana, hodi..."

Sauti ya kwanza ilikuwa juu sana kwake, ilikwaruza, ilitetemeka. Lakini ulikuwa wimbo. Queen akageuka kutoka dirishani. Vumilia akainua macho, akautazama mdomo wa Agripina kana kwamba umetoa kitu chake kilichopotea.

Katikati ya mstari wa pili, hofu ikamshika Agripina, akadondoka. Ya pili! Akasimama.

"Nisamehe, Mama Queen," akasema. "Nimekutoroka."

Pembe ya kushoto ya mdomo wa Vumilia ikapanda. Alikuwa anamcheka! Kicheko kilekile cha mwezi wa tisa, nusu yake, na safari hii Agripina angekipigia magoti. Akarudisha kidole mwanzo.

Hodi, Bwana, hodi. Kidole kikahama. Na walipofika "tumefika", kitu kikasikika kutoka kwenye mto, kizito, cha chini, kama mtu anayesukuma meza. Agripina alidhani ni pumzi. Haikuwa pumzi. "...mlangoni," Vumilia aliimba. Si "ta". Mlangoni, neno zima, na n yake na g yake.

Queen akajishika mdomo.

Lakini Vumilia hakuwa anaimba sauti ya kwanza. Alikuwa chini. Alikuwa ameingia pale anapoingiaga Agripina, kwenye zile nota tatu nne, anazunguka, anasubiri, anajibu. Agripina alitaka kumkimbilia huko chini, mwili wote ulitaka, maana ndiko kwake. Akabonyeza kiungo cha kidole kwa nguvu, akabaki juu. Akimwacha sasa mwenzake hana pa kushika.

"Nje baridi imezidi..." Sauti mbili, moja imekwaruza, nyingine imepinda, zikatembea pamoja. Na baridi haijaisha, "tufungulie" bado haijafika, Vumilia akapanda. Akapanda mapema, peke yake, akatulia huko juu anangoja mlango.

Hilo halimo kwenye karatasi ya Deo. Halimo kwenye karatasi yoyote duniani. Yuko mtu mmoja tu aliyewahi kuuimba wimbo ule hivyo, na alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, wimbo umemkatika.

"Wewe!" Agripina akapaza sauti, machozi yanamtiririka hadi shingoni. "Wewe mwanamke! Si ulisema huisikiagi?"

Vumilia akafungua mdomo kumjibu. Uso ulijikunja wote, shingo ikakaza, na kilichotoka ni "ta". Akajaribu tena. "Ta." Agripina akaona ile aibu inarudi, macho yanaanza kuutafuta ukuta, na ukuta haukuwepo, alikuwepo yeye.

Vumilia akamtazama. Kisha kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, akakishika kidole cha Agripina, akakivuta juu ya kiganja chake kilicholala, akakirudisha kwenye shina la kidole cha shahada, pale wimbo unapoanzia. Akakipigapiga mara mbili, kwa ukali, kama mtu anayeona amecheleweshwa.

Agripina akafuta kamasi kwa mkono wa sweta, akaanzisha.